Ile Yangu

Kibanda changu kiko nyuma ya ofisi ya ardhi, Arua,
kati ya fundi cherehani na muuza betri za redio.
Napiga taipu barua za watu.
Wanakuja na Kilugbara, wanakuja na Kiswahili cha kambi ya jeshi,
mimi nawavusha hadi Kiingereza,
elfu mbili kwa ukurasa, bahasha mbali.

Jana barua imenirudia.
Karani mpya, Bwana Tumuhairwe, kijana wa Kabale,
kaichora duara nyekundu mara tisa,
na ndani ya kila duara kineno kile kile: dhe.
Kidogo kama kokoto kwenye mchele.
Mama yangu hakuwa nacho, akaishi, akazaa, akafa.

"Mama Mastula," kaniambia, kalamu bado mkononi,
"haki haiandikwi na dhe. Ukweli hauandikwi na dhe.
Subira vivyo hivyo.
Hivyo ni vitu visivyoshikika, vya watu wote,
hutembea kichwa wazi.
Dhe ni kofia ya kile tukijuacho mimi na wewe:
dhe mlango, dhe mbuzi, dhe mhuri."
Na mhuri ulikuwa mbele yake.
Nikasema ahsante.

Nikarudi, nikaketi na ile barua.
Ile barua. Nimejisikia nikisema.
Kumbe na sisi tunayo,
tunaitoa siku tunapoihitaji tu,
kama sahani za wageni.

Barua ni ya Candiru wa Ediofe.
Kwa Kilugbara Candiru ni Taabu,
alizaliwa nyumba ikiwa na msiba.
Dada yake Ayikoru ni Furaha; ana jino bovu, haongei asubuhi.
Mjukuu ni Letaru, yaani Upendo,
na Upendo ana matope hadi magotini,
Upendo anatafuna muwa mlangoni pangu na kutema makapi kwa fundi.
Visivyoshikika!
Juzi nimemshika Upendo mkono
tukavuka barabara, lori la saruji likipita.

Na subira je?
Miaka kumi na mmoja Candiru anakuja Jumanne.
Faili limepotea mara mbili, mara moja likapatikana
chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Mikaratusi ya jirani imevuka mpaka ikiwa miche,
leo inakatwa nguzo za umeme.
Benchi la ofisi lina bonde dogo upande wa dirishani.
Mtu mwingine akiketi hapo, anateleza.
Hiyo ndiyo subira ya wote, Bwana Tumuhairwe?

Nikatoa kitabu changu cha darasa la saba,
kimeliwa na mchwa kuanzia mwisho.
Kanuni ni kama alivyosema.
Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, kuna isipokuwa:
isipokuwa jina likifuatwa na mwenyewe.
Subira ya nani. Ukweli wa siku gani.
Hapo kofia inavaliwa.

Nikafuta sita. Ziliniponyoka, nakiri,
nilizimwaga kama chumvi ili barua ionekane imesoma.
Mbili nikaziacha, na atazame.
Ya tisa ilikuwa ya haki, mstari wa mwisho: naomba haki.
Nikashindwa.
Nikamwita Candiru, alikuwa akipepeta simsim kivulini.
"Mama, unaomba haki ipi?
Ile iliyochorwa kwenye ukuta wa mahakama,
au ile ya ekari nne?"

Hakuinua kichwa. Alipuliza makapi.
"Ile ya ukutani ina wenyewe wengi," alisema.
"Andika ile yangu."

Herufi ya kwanza ya dhe hukwama kwenye taipu yangu.
Nikaibonyeza mara mbili,
ikatoboa karatasi.