Mkoba wa Vilja

Saa kumi na moja alfajiri, na jua la Turku
limeamka kitambo. Mwezi wa sita huku
jua hulala jicho moja wazi, kama mlinzi wa zamu.
Mkoba uko mezani, umeachama.
Ubao umeegemea mlango, tumbo nje,
michubuko yote hadharani; kunguru aliyechorwa pale
amebaki bawa na mdomo.
Mwenye ubao, miaka kumi na minne, anakoroma.

Naanza na maji. Chupa mbili, si moja:
juzi alirudi midomo imepasuka kama tope lililokauka.
Mkate mweusi, jibini, tango,
mayai mawili ya kuchemsha
(moja litapondeka; siku zote moja hupondeka).
Spana. Beringi nne za akiba
ndani ya kopo la peremende za chumvi.
Kipande cha mshumaa, wa kupaka ukingo wa zege
ubao upite bila kung'ang'ania.
Plasta, pamba, soksi,
shati kavu, maana jasho likipoa
upepo wa mtoni hauna adabu.
Kamba za viatu, jozi mbili. Zamani nilidhani ni mzaha,
hadi nilipokiona kiatu chake cha kushoto:
kamba imelika, imeungwa mafundo matatu,
kama mtu aliyekataa kuomba.

Mimi ni mchomeleaji wa meli.
Kazini tumefundishwa: hesabu zana unapoingia,
hesabu zana unapotoka.
Basi nahesabu.

Anaamka. Anakula wima. Anauinua mkoba kwa kidole,
anaurudisha chini.
"Baba, naenda kuteleza, sihamii Norwei."
Inatoka chupa ya pili. Inatoka sweta.
Unatoka mwavuli (huo, nakiri, nilizidisha).
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na leo nimeumbuka: mgongo ni wake,
mimi ni mikono tu ya kujaza.

Lakini alipoingia bafuni kupiga mswaki
niliteremsha kitu hadi chini kabisa, chini ya soksi:
glavu yangu kuukuu ya kuchomelea, ya mkono wa kushoto.
Nimemwona akianguka. Huangukia kushoto,
kiganja mbele, kama anayesukuma mlango uliofungwa.
Sikusema. Ukimwambia mtoto "jikinge"
umemwambia "ogopa", na mimi sitaki aogope.
Nataka tu ngozi yake ibaki yake.

Kofia ngumu haikuingia. Ilining'inia nje,
ikigonga ubao kila hatua, ko, ko, ko,
hadi ngazi zikaisha na mlango wa chini ukajifunga.

*

Alirudi saa nne usiku, mchana mweupe bado.
Sikumuuliza kitu. Niliuvuta mkoba,
nikahesabu zana.

Chupa: tupu.
Yai moja: limepondeka, bila shaka, na ganda lake
limejipaka kwenye shati kavu ambalo halikuvaliwa.
Beringi: tatu.
Kamba: jozi moja. "Ya pili nimempa Iines."
Mshumaa: umekwisha, imebaki tambi.
Na chini kabisa, au tuseme juu kabisa,
maana haikuwa tena mahali nilipoificha,
glavu.

Niliibeba hadi dirishani.
Kiganja kilikuwa kimetafunwa.
Vumbi la zege limeingia kwenye kila mshono,
uzi wa kidole gumba umekatika,
na palipokuwa na ngozi nene ya ng'ombe
nuru ya usiku ilipenya.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mtu
kuitazama glavu.

Nyuma yangu alikuwa akila viazi baridi.
Niligeuka polepole, nisionekane ninatafuta.
Mkono wa kushoto ulishika uma.
Mzima. Mchafu kupindukia, lakini mzima.

"Kesho," akasema mdomo ukiwa umejaa,
"nataka kujaribu upande mwingine.
Ile ya kulia unayo?"

Ya kulia niliipoteza tangu theluji ya kwanza.
Nikamwambia ipo.