Mlango Usio na Nyumba

Fundi Semhando aliangalia uwanja, akaangalia viatu vyangu,
kisha akataja bei.
Nikamwambia ahsante, chai ipo, kunywa uende.

Nondo tatu nilizinunua mwenyewe, Barabara ya Kumi na Mbili,
zikaja zimefungwa kwenye baiskeli ya Mbwana,
mkia wake ukiburura lami
kutoka Ngamiani hadi hapa Chumbageni,
mstari mweupe, kama chaki ya mwalimu aliyesahau somo.

Kupinda chuma si nguvu, ni ubishi.
Nililijaza maji simtanki la lita elfu, lisinikimbie,
nikaikumbatisha nondo tumboni mwake,
shubiri kwa shubiri.
Ya kwanza ikatoka kama mgongo wa paka aliyeudhiwa.
Ya pili ikakubali.
Ya tatu nikaifunza kwa ya pili.
Ile ya kwanza sikuitupa. Niliikata kwa msumeno siku mbili,
ikawa vidato kati ya matao mawili,
na kiganja changu hiki kikaota sugu
ambayo bado naitomasa nikikosa usingizi.

Urefu, wengine hupima kwa futi.
Mimi nilijitwika ndoo, imejaa pomoni,
nikasimama karibu na mpapai
nikamwambia mjukuu wangu Mwanaheri: tia alama
hapo ukingo wa ndoo ulipo,
ongeza shubiri moja
kwa ajili ya maji yanayorukaruka.
Mlango wa mikono mitupu ni wa wageni.
Huu ni wetu.

Futi ya kwanza ilikuwa udongo.
Ya pili, tumbawe. Mtaimbo ulilia
mpaka jirani akauliza nazika nini.
Saruji debe moja, mchanga mawili, kokoto matatu;
siku tatu sikuugusa,
nikipita pembeni kama mtu amkwepaye anayemdai.

Waridi lenyewe lilishuka kutoka Lushoto
ndani ya kopo la maziwa, mapajani mwa wifi yangu,
likimwaga udongo kila kona ya mlima.
Kule limezoea ukungu.
Hapa saa saba mchana nalifunika kwa khanga kuukuu,
maandishi yake yamefifia, limebaki neno moja: *subira*,
na hata hilo, herufi ya mwisho imetoboka.

Usilisimamishe wima, wifi alisema. Lilaze.
Shina lililosimama hutoa ua moja, juu kabisa, la kujionyesha.
Ukililaza, kila jicho linaamka.

Na usilifunge kwa waya, waya hukata.
Nikaingia stoo, nyuma ya magunia,
kamba ya katani ilikuwa palepale alipoiacha marehemu,
robota la mwisho kabla shamba la mkonge halijafungwa.
Bado lina harufu ya mikono yake, au ya panya, sijui.
Nilifunga fundo la nane:
duara moja kwa chuma,
moja kwa shina,
na katikati pumzi.
Alinifunga hivyo miaka thelathini na mmoja.
Sina alama.

Sasa ni mwezi wa saba.
Miiba imetangulia, kama kawaida ya wenye haraka.
Majani yana madoa, nayapuliza maji ya sabuni.
Ua, hata la kudanganyia, hakuna.
Wapitao wanauliza: mama, mlango gani huu usio na nyumba?
Kulia kwake uwazi, kushoto kwake uwazi,
kuku wanapita wanakotaka.

Lakini jana asubuhi Bi Chausiku, muuza vitumbua,
aliyekuwa na uwanja mzima wa kupita,
alikuja mpaka chini ya tao, sinia kichwani,
hakuinama,
akasimama, akabisha: hodi.

Nikaitika karibu,
ingawa yeye alikuwa nje
na mimi nilikuwa nje.