Imefika?

Saa tisa usiku, Upanga, wodi ya mahututi.
Mashine inamhemea Kibwana Pazi,
mchomea vyuma wa Gerezani.
Mtungi uliomlisha miaka kumi na mmoja
ndio uliomlipukia.

Siku ya kumi na tatu kidonda cha paja kikaota unga,
mweupe kwanza, kisha wa kijivu,
kama mkate uliosahauliwa kabatini wakati wa masika.
Maabara wakaandika: kuvu.
Nami, mfamasia wa zamu, nikapiga hesabu,
uzito, figo, ini, maji yaliyomvimbisha,
nikaandika dozi, kisha nikaongeza nusu yake.

Asubuhi damu ikapimwa. Dawa imejaa tele.
Nikafurahi kama mjinga.

Mimi ninayekaa Kimara!
Mimi nijuaye tangi la kilimani linavyofurika
na bili inavyokuja bila kukosa,
huku bomba la uani likikohoa upepo
na ndoo zimepanga foleni toka Jumanne.
Nilisahauje kwamba kujaa siyo kufika?

Paja la Kibwana ni mtaa wa mwisho wa mgao.
Mishipa imeungua, imeziba, mingine haipo tena;
nyama iliyokufa haina mlango wa kubisha hodi.
Na kuvu, mpangaji asiye na haya,
amehamia huko huko.

Dakta Kyaruzi akapitisha mrija, mwembamba kama uzi wa cherehani,
pembezoni mwa kidonda. Tukakinga,
saa nzima kwa tone lisilojaza kifuniko cha kalamu.
Majibu: robo ya kilichomo kwenye damu.
Haikutimia hata robo.

"Basi tukate," akasema. "Tukate mpaka itoke damu."
Sijawahi kuiombea damu ya mtu imwagike
ila siku ile.

Sikudhani, mkewe, huja na chupa ya uji asioruhusiwa kumpa.
Hukaa kwenye benchi la saruji, kiatu kimoja amekivua.
Kila nikipita huniuliza neno moja tu,
kama aliyetuma mzigo kwa basi la Lindi:
"Imefika?"

Sikumwambia imefika.
Nilimwambia, tunafukua njia.
Akaitazama mikono yangu, misafi, isiyo na jembe,
akasogea, akanipa nafasi.

Tukakaa.
Mlango wa wodi ulipofunguliwa tuliisikia pampu ya dripu,
tik,
kimya kirefu,
tik.