Kizimba cha Tisa

Saa moja asubuhi, Tudor, jua bado halijashika bati,
nafungua madirisha ya maabara, naitoa harufu yao ya usiku,
natandika maranda mapya.
Panya weupe wanijua kwa ubani wa kanga zangu.
Daktari Mwachiro hawapi majina. Nami siwapi.
Yule wa kizimba cha tisa namwita Shangazi,
lakini si kwa sauti.

Kizimba cha kwanza hadi cha sita: mafuta ya ufuta matupu.
Cha saba hadi cha kumi na mbili: mafuta yale yale
yaliyotiwa utomvu wa bangi, tone kwa tone,
tangu siku ya sita ya mimba.

Shangazi hakupiga kelele.
Alikula kidogo, akalala sana,
akajenga tundu nusu, akaliacha.
Akazaa watano. Wa kizimba cha tatu, kumi na mmoja.
Niliwapima mmoja mmoja, wekundu kama ulimi:
gramu nne na nukta tatu, nne na nukta moja,
na mmoja ambaye mizani ilisita kumkubali.

Daktari alipompasua mama akanionyesha kwa koleo
madoa meusi kwenye mji wa mimba, yamepangana.
"Hapa walishika. Kisha mwili ukawarudisha."
Sita.
Kalamu ikakataa, nikaitikisa.

"Usiyapeleke mtaani haya, Bi Mwanasha.
Panya si mtu. Dozi ni kubwa. Bado twahesabu."

Majengo, ghorofa ya juu yangu, Zulfa ana miezi mitano.
Tangawizi imeshindwa, ndimu imeshindwa.
Usiku moshi washuka ngazini, wapita katikati ya vitunguu vya watu,
na kila mtu ajifanya ana mafua.
Lali mumewe ndiye msokotaji.

Jana kanikuta nikianua nguo.
"Bi Mwanasha, si wewe wafanya kazi hospitali?"
"Si hospitali, mwanangu. Ni kwa panya."
Akacheka, akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni.
"Wamsikia?"

Mkono wangu umezoea gramu.
Ukaanza kupima wenyewe, ukatafuta nukta.
Nilitaka kusema panya si mtu.
Nilitaka kusema Shangazi hakupiga kelele.
Nikasema: kesho njoo kwangu mapema,
kabla kichefuchefu hakijaamka, nikukorogee uji.

Leo Jumapili. Uji umeota utando.
Kuna nyayo ngazini, zashuka,
zasimama kidogo,
sijui kama ni zake.