Nusu ya Boneti

Aliileta Kresta nyeusi saa mbili asubuhi,
akaufunga mlango taratibu, kama anayemwacha mgonjwa wodini Ligula.
"Kuna mtu kanichorea gari," akasema Mzee Nandonde.
"Nani, sijui. Wivu upo. Watoto wa Chikongola wapo. Misumari ipo."

Nikawasha tochi, nikaiinamisha juu ya boneti.
Ikajitokeza ile kazi ya buibui:
duara ndani ya duara, nyuzi elfu na elfu,
zikiuzunguka mwanga popote nilipoupeleka.
Msumari hauchori hivyo.
Msumari hupita mara moja, una hasira, una safari.
Hizi zilikuwa alama za mtu mwenye subira.

"Mzee, gari unaifutia nini?"
"Kanga ya marehemu. Kila alfajiri, mwaka wa kumi na nne huu.
Ndoo moja ya maji, na kanga ya Bi Somoe."
"Na vumbi la Tandahimba unalifuta hivyohivyo, kavu?"
"Nalifuta. Sasa nilibusu?"

"Basi aliyekuchorea ni wewe."

Muuza korosho wa mlango wa pili akaacha kuhesabu pakiti.
Ningeweza kulisema kwa njia nyingine,
lakini mimi upole wangu hauko mdomoni,
uko kiganjani, pale ninapoizuia mashine
isije ikala rangi mpaka bati.

Maana watu hudhani polishi inaongeza.
Haiongezi kitu. Inapunguza.
Kliya ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu,
na mkwaruzo ninaosema nimeutoa
sikuutoa:
nimeishusha nchi yote iliyouzunguka
mpaka ikalingana na bonde.

Nikabandika tepu kwenye kingo.
Matone manne ya kompaundi, padi ikayapaka,
mashine ikaanza kunguruma chinichini,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
mkono wa kushoto ukigusa bati kila mara
kama mama anayetafuta homa.
Jasho nililifutia bega, lisije likadondoka.

Saa tano na robo upande wa dereva ulikuwa umekwisha.
Umeme ukakatika.
Padi ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikatulia.
Kwa kinyozi Mchopa akatoka mteja
amenyolewa nusu ya kichwa,
tukatazamana.

Mzee alirudi baada ya adhuhuri, akainamia boneti.
Upande niliouamsha ulikuwa na kila kitu:
nyaya za nguzo, wingu moja, kibao cha Mchopa kimesomeka kinyumenyume,
na yeye,
na pengo lake, na mvi za nyusi,
na ile mifereji miwili ya kushuka mdomoni.
Akahamia upande wa abiria.
Huko buibui walikuwa bado kazini,
uso umetawanyika kwenye mng'ao, hauna kona,
mwanamume wa miaka arobaini hivi, ametoka kuoga.

Akarudi kulia. Akaenda tena kushoto.
"Huku nimezeeka lini?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na nusu chupa ya kompaundi
na mashine isiyo na umeme.

Akafungua buti, akatoa kanga.
Jina lake lilikwisha kufutika, yamebaki maneno mawili
ambayo peke yake hayasemi kitu.
Nikaikung'uta mbele yake: mchanga,
punje kwa punje, kwenye saruji.
Nikampa taulo jipya, laini, la bure.
Akalipokea kwa mikono miwili, akalitia mfukoni.
Akalipa nusu ya fedha.
"Kesho," akasema, "Mungu akipenda, na umeme ukipenda."

Umeme ulirudi siku ileile, saa kumi.
Leo ni siku ya tisa.

Jana nimeiona Kresta imeegeshwa karibu na soko,
nusu usiku, nusu kioo.
Mzee amesimama upande wa abiria,
kanga begani,
anachana ndevu.