Kucha za Mkono Mmoja

Aliingia Jumanne, kofia mkononi.
Wanawake watatu wakainua macho kutoka kwenye taa zao.
Nikadhani kapotea, anatafuta fundi kufuli, jirani yangu.
Akaulaza mkono wa kulia juu ya taulo
kama mtu anayeweka rehani.

"Nne tu," akasema. "Mkono mmoja.
Wa kushoto uache ulivyo."

Miaka kumi na tisa niko Úbeda.
Nimebandika kucha za mabibi harusi, za makarani wa benki,
za mjane aliyetaka nyekundu wiki ile ile ya mazishi.
Mchapa mizeituni, huyu ndiye wa kwanza.

Januari nzima ameipiga miti kwa ufito,
zeituni zikinyesha juu ya nyavu,
hata ukucha wa gumba ukapasuka hadi nyamani,
wa shahada ukamegeka, wa kati ukafuata mwenzake,
wa pete umebaki kwa huruma tu.
Na Jumamosi anapiga gita
arusini kwa binti ya dada yake.
Jina lake Eutimio. Alilitaja chini chini.

Nikamfungulia sanduku: vyumba kumi, sifuri hadi tisa.
Kuchagua nako kuna adabu yake.
Ncha ifike ukingo kwa ukingo, isibane, isipwaye.
Iliyo nyembamba itang'oka na kuondoka na ngozi.
Ukisita kati ya mbili, twaa kubwa,
uibembeleze kwa tupa mpaka ikubali.
Nikampimia: gumba, sifuri. Shahada, tatu.
Kati, mbili. Pete, tatu tena.
Nikauliza, kwa mazoea,
"Za mraba au za duara? Maziwa au waridi?"

Hakujibu.
Akaokota ncha moja, akaigonga ukingoni mwa meza.
Akatikisa kichwa.
"Zima feni," akasema.
Nikazima. Hata Visitación wa duka la dawa
akautoa mkono wake taani, akatulia.

Tk.
Hapana.
Tk.
Hii ina mafua.
Tk.

Miaka yote hii naziuza kwa rangi,
kumbe zina sauti, nami sijawahi kuziuliza.

Akachagua nene, za manjano kidogo,
za shehena mbovu niliyokuwa nikingoja kuitupa.

Nikairudisha nyuma ngozi ya shina,
nikaufuta mng'aro kwa msasa laini.
Vumbi jeupe likatua katika mikunjo ya vidole
juu ya weusi usiojua sabuni.
Gundi tone moja. Si mawili.
Ncha iingie mshazari, iguse ukingo kwanza,
kisha uilaze polepole, hewa itangulie kutoka.
Kiputo kimoja kikibaki, unyevu utahamia humo
na ukucha utaoza ndani ya nguo mpya.
Nikabana. Nikahesabu hadi kumi kwa lugha ya Qingtian,
kama mama alivyonihesabia sindano.
"Unahesabu au unaomba?"
"Vyote."

Chanda chema huvikwa pete.
Chake kina kovu la msumeno, kimepinda kiungoni,
nacho kikavikwa.

Nilipokwisha kukata na kulainisha mshono,
akavishusha vidole mezani, kimoja nyuma ya kingine,
haraka, mara mbili, mara tatu,
na chumba kizima kikawa wavu chini ya mzeituni.
Hakuna aliyepiga makofi.
Visitación alisahau kukausha mkono wa pili.

"Usizibandue kwa meno," nikamwambia.
"Ziloweke kwa asetoni, dakika kumi na tano. Uwe na subira."
Akalipa kwa sarafu, akazihesabu kwa mkono wa kushoto.
Ule wa kulia aliufunga leso, akatoka nao
kama kaazimwa.

Usiku nilishusha pazia la chuma,
nikalimwaga sanduku lote mezani.
Tk. Tk.
Kucha moja moja,
mpaka karibu kukucha.

Wiki ijayo Visitación atataka za waridi, kama kawaida yake.
Nitamwambia anyamaze kidogo kwanza.