Kwa Shija, Kabla ya Alhamisi

Shati nimelifua mara mbili, Shija,
likakaukia juu ya jabali la mama Nyanzobe
linaloshika joto hadi usiku kama chungu.
Kola nimeinyoosha kwanza, kisha mikono.
Mgongo nimeuacha: utaegemea kiti,
na wale watu wanne hawatauona.
(Ukitoka, toka kinyumenyume kidogo.)

Vyeti vimo kwenye bahasha ya kaki,
halisi mbele, nakala nyuma.
Cha kuzaliwa kinakuita Shija Ng'wandu,
cha kidato cha nne kinakuita Shija Mwandu,
maana mwalimu Kamuhabwa hakuwa na subira
na king'ong'o chetu.
Kiapo cha wakili nimekibana katikati,
elfu kumi na tano,
ili Ng'wandu na Mwandu wakubaliane mbele ya serikali
kwamba ni baba mmoja.

Sasa keti. Hapo, kwenye ndoo.
Mimi ni mwenyekiti wa jopo.

"Tueleze kuhusu wewe."

Hapana. Usianze na kuzaliwa.
Kila mtu alizaliwa, Shija,
hata wale mia sita mtakaobanana nao ukumbini.
Anza na bomba. Anza na siku ile
ulipolifunga kwa mpira wa baiskeli, mvua ikinyesha,
na Mabatini nzima ikanywa chai.

"Udhaifu wako ni upi?"

Usiseme unapenda kazi kupita kiasi.
Nilisema hivyo kule Nyegezi, mwaka juzi,
na mzee wa kushoto akaandika kitu kifupi sana.

Swali langu mimi lilikuwa jepesi:
kwa nini maji hayafiki nyumba za juu?
Mimi!
Niliyepanda mawe haya na ndoo kichwani
kabla meno ya utoto hayajang'oka,
ninayejua bomba hukohoa saa tisa usiku,
likikohoa mara tatu yanakuja, mara moja ni upepo tu;
ninayeliona ziwa zima kutoka mlangoni petu
na kikombe cha kunywea dawa sina.
Nikajibu kwa fomula.
Nikataja presha, kipenyo, mwinuko,
sauti yangu imevaa viatu vya kuazima.
Jibu lilikuwa sahihi.
Hilo ndilo linaloniuma.

Nikawa wa tano. Nafasi zilikuwa nne.
Sasa jina langu limo kwenye kanzidata
kama sangara kwenye barafu:
halijaoza, halijaliwa.
Simu naichaji kila jioni.
Namba ngeni naipokea kabla haijaita mara ya pili,
na mara nyingi ni mtu ananiambia
ile hela niitume kwenye namba hii.

Kwa hiyo usinisikilize sana.
Ila doa la gundi kwenye kidole gumba
usilisugue. Mimi nilipaka rangi kucha.
Mikono iweke mezani, ijitambulishe yenyewe.
Wakikuuliza usilolijua, sema sijui
kisha funga koki; usiache maneno yadondoke
tone, tone, tone, hadi wakukatize.
Nao ni watu. Mmoja atakuwa na njaa,
mwingine kiatu kinambana,
mwingine amewasikiliza arobaini kabla yako
na wote wanapenda kazi kupita kiasi.
Mpe kitu cha kusimulia akirudi kwake.

Rudia tena. "Tueleze kuhusu wewe."
...
Unacheka nini? Haya, cheka. Cheka uishe.

Saa kumi na moja nitakuamsha.
Shuka kwa njia ya ngazi, usipite mawe,
viatu vimepakwa.
Ukifika mapema, zunguka nyuma ya ukumbi
utafute bomba la uani.
Lifungue kidogo.
Tazama kama linatoa, na kwa nguvu gani,
na kama halitoi, kwa nini.
Kisha ingia.